Rundo Linalomngoja Mgeni Rasmi

Nyumbani, 6 Februari

Mwanangu Pancha,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima. Bibi yako ni mzima kutushinda sote. Juzi nesi alikuja kumpima presha, akaondoka yeye ndiye presha imempanda. Mashine yangu ya kukamua mafuta nimeibadilisha mkanda, sasa inazunguka bila kulia. Mkeo je? Mwambie asibebe ndoo na tumbo hilo, na wewe usingoje kutumwa. Wanaume wa ukoo wetu mna ugonjwa huo.

Sasa linalonifanya nishike kalamu. Tumesikia chonga ameshaingia kisiwa chenu kikubwa. Mkwezi wetu alipokuja huko kumwona ndugu yake alirudi na mmoja aliyekufa ndani ya kopo la majani ya chai. Mdudu mweusi, mnene kama kidole gumba, ana pembe puani kama kifaru. Watu walicheka. Kisha Mkwezi akaeleza jinsi anavyotoboa moyo wa mnazi na kula kuti changa kabla halijafunguka, mpaka mti unakufa kuanzia kichwani, na kicheko kikaisha.

Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano shuleni, tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Tumeunda kamati na mimi ndiye katibu. Tumekubaliana kwamba kila kinachoshuka kwenye boti kifunguliwe gatini, kiwe cha nani kiwe. Mche, udongo, samadi, kuti bichi, vyote vinageuzwa hapohapo. Na kwa kuwa chonga hutaga mayai kwenye vitu vilivyooza, tutasafisha kisiwa kizima, magogo ya minazi iliyoanguka, visiki, samadi ya zamani, tuvikusanye tuchome, ili hata akipenya mmoja akose pa kulaza watoto.

Unajua minazi ya babu yako pale mteremkoni ndiyo inayolisha mashine, na mashine ndiyo inayotulisha sisi. Nyumba nyingi hapa ni hivyohivyo. Minazi ikifa tutabaki kutazamana.

Ombi langu ni dogo. Gogo la mnazi lina maji hata likioza, halishiki moto kwa kiberiti na maneno matamu. Wewe unamwendesha Mkurugenzi wa Kilimo. Tuombee mapipa mawili matatu ya dizeli. Hayo tu.

Nibusie tumbo la mkeo.
Shangazi yako


Mjini, 19 Februari

Shangazi, shikamoo,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama kijacho asikie habari za nesi. Amecheka mpaka mtoto amepiga teke. Sisi wazima. Nyumba tumehamia ile ya nyuma ya gereji, ina baraza na bomba ndani, siyo kama kile chumba cha kwanza ulichosema kinafaa kuku.

Shangazi, kaa chini. Jumatatu nilikuwa nampeleka Mkurugenzi uwanja wa ndege. Njia yote ile, unakumbuka ilivyokuwa kijani, sasa ni nguzo zimesimama bila vichwa. Nikaona hapohapo pa kupenyeza neno. Nikamwambia, "Mzee, nyumbani kwetu watu wamejipanga wenyewe kabla mdudu hajafika." Akauliza wangapi. Nikasema kisiwa kizima. Tulipofika mzunguko wa barabara akasema, "Vizuri sana. Hilo ni jambo la kuzinduliwa."

Kuzinduliwa, Shangazi! Maana yake anakuja mwenyewe kuwasha moto, na redio, na watu wa magazeti. Akija yeye dizeli siyo suala, itakuja na mitego ya chonga na msumeno wa mashine. Kisiwa chetu, ambacho ofisini wengi hawajui hata kiko upande gani!

Kwa hiyo kusanyeni kila kitu, ila msichome kwanza. Mkichoma kabla yake atakuja kuzindua majivu? Na rundo liwe karibu na gati, asilazimike kutembea mbali, ana goti bovu. Subira huvuta heri.

Mtoto wako aliyewatoa kimasomaso,
Pancha


Nyumbani, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tumefurahi kwa nyumba yenye bomba. Bibi yako anauliza kama bomba hilo linatoa maji au ni pambo.

Kazi imekwisha. Sijawahi kuona watu wa hapa wakifanya jambo moja kwa pamoja bila kugombana, na hata safari hii waligombana, lakini wakiwa wamebeba. Tumevuta magogo kwa kamba kutoka mteremkoni, tumeng'oa visiki, tumekomba mazizi. Fundi viatu alificha samadi yake nyuma ya choo, anasema ni ya mboga za mama yake. Mama yake alikufa zamani. Tukambebea mpaka ya mwisho. Rundo liko pembeni mwa gati, limepita urefu wa paa la ghala, na ukisimama upande mmoja humwoni aliye upande wa pili.

Gatini nako tumekuwa maarufu kwa ubaya. Fundi cherehani alirudi na godoro la mwanawe anayeolewa, tukalikuta lina nyasi, tukalifumua mbele yake. Hasemi na mimi mpaka leo. Nikimpitia anageuza shingo utadhani imeteguka.

Sasa, Pancha, nisikilize vizuri. Juzi kamati ilikaa. Mwalimu Mkuu alitaka tuchome sasa hivi, jua likiwa bado kali, tutumie makumbi makavu na mafuta ya taa kidogo ya kila nyumba. Alisema mvua ikitukuta tumekwisha, na kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Wengi walikuwa upande wake. Mimi ndiye niliyesimama. Nilisema mwanangu yuko ofisini, mwanangu ameniandikia kwa mkono wake, na tukimkosesha Mkurugenzi heshima yake tutakosa mitego na msumeno. Bibi yako, ambaye hakualikwa, akapaza sauti mlangoni, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Watu wakacheka, wakakubali. Ameshashona gauni la kukaa mstari wa mbele.

Tupe tarehe. Watu wananiuliza mimi.

Shangazi yako, mwenye mgongo unaouma


Mjini, 30 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo,

Samahani kwa kuchelewa. Mkurugenzi alisafiri nje kwa semina ya wadudu, na yeye akiwa hayupo hata kalamu hazitoki stoo. Sisi wazima, mama kijacho miguu imevimba kidogo lakini daktari amesema ni kawaida.

Habari njema: tarehe ipo. Ni katikati ya Mei, siku ya boti ya Alhamisi. Nimeiona kwa macho yangu ubaoni, imeandikwa kwa chaki. Natumai mvua itakuwa imepungua.

Vitu vinatangulia kwa boti ya wiki inayokuja. Kuna turubai, viti vya plastiki, na miche ya minazi kwenye vyungu. Mgeni rasmi lazima apande mche wa kumbukumbu, ndivyo shughuli zote hufanyika, na ofisi inatoa kwenye kitalu chake hapa nyuma ya bohari. Nimeipakia mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikachagua iliyonona. Kuna barua yenye mhuri. Mwambie Mwalimu Mkuu wasianze kuhangaisha mali ya ofisi pale gatini, itakuwa aibu, watasema tumemkagua mgeni.

Bibi avae gauni.

Wako,
Pancha


Nyumbani, 2 Juni

Pancha,

Marahaba. Mkeo apumzike, aweke miguu juu ya mto. Hapa mashine imeharibika bomba la chini na fundi hajapatikana. Bibi yako ana mafua, na nitakwambia alivyoyapata.

Siku ya Alhamisi ile tulikuwa gatini wote. Watoto wa shule walipangwa kwa urefu, wameoshwa, wamefundishwa wimbo. Bibi yako alikaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, gauni jipya, begi mapajani. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kusuasua. Boti ikafika, watoto wakaanza kuimba, akashuka mbuzi mmoja na mwenye mbuzi. Watoto wakaendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mwenye mbuzi akapunga mkono.

Bibi yako alikataa kuinuka mpaka boti ilipoondoka. Ndiyo mafua yenyewe.

Sikulaumu kwa hilo, shughuli za wakubwa hupanguka. Ila miche. Ilifika wiki moja kabla, kama ulivyosema. Vijana wa zamu walikataa kuishusha, wakasema sheria ni sheria, mche ni mche, na udongo wake mweusi unanuka samadi. Mwalimu Mkuu aliwaunga mkono. Nahodha akasema yeye harudishi mzigo wenye mhuri wa ofisi. Wakanitazama. Nikawaonyesha barua yako. Nikasema aliyepakia ni mtoto niliyemlea kwa mikono hii, hawezi kunitumia kibaya. Ikashushwa. Tumeiweka kando ya rundo, chini ya turubai, ipate kivuli.

Rundo limeloa chapachapa. Leta tarehe nyingine, au niambie tuchome na kila mtu aende zake. Moja katika hayo mawili. Ukinijibu kwa mstari mmoja sitakasirika.

Shangazi


Mjini, 15 Julai

Shangazi wangu, shikamoo tena na tena,

Una mjukuu! Ni msichana, amezaliwa alfajiri ya Jumapili, kilo tatu na ushee, sauti ya mashine yako kabla hujabadilisha mkanda. Mama na mtoto wazima. Tumekaa tukashauriana, tukampa jina lako. Mke wangu ndiye aliyesema, "Huyo ndiye aliyekufanya mtu." Nililia, sikufichi. Ana vidole virefu kama vyako, na akikasirika anakunja uso upande mmoja. Akinyonya anashika sikio lake mwenyewe. Nitakutumia picha nikipata mtu wa kamera.

Mimi kwa sasa naendesha lori la bohari, kwa muda tu. Gari la Mkurugenzi liko gereji. Lori nalo siyo baya, unaona mbali.

Kuhusu shughuli yetu, mambo yapo kwenye ratiba. Msichome kwanza. Ikishaandikwa ubaoni haifutiki hivihivi, na itakuwa vibaya waje wakute jivu baada ya viti kutumwa.

Mpe bibi pole ya mafua, mwambie gauni halitaoza.

Baba wa jina lako,
Pancha


Nyumbani, 20 Agosti

Mwanangu,

Nimesikia habari ya mtoto. Nimeisoma barua mbele ya bibi yako, na yeye akaniambia niisome tena pale pa vidole. Asanteni wote wawili. Nimefurahi, na siku hizi furaha haijanizoea. Nimempa Mkwezi chupa ya mafuta mapya aje nayo akija huko, ni ya kumkanda mtoto, siyo ya kukaangia. Najua tabia yako.

Sasa nijibu mambo mawili.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye rundo peke yangu kutafuta kuni za kuanzia moto. Nilipogeuza gogo la juu kwa jembe nilikuta mabuu. Meupe, manene, yamejikunja, yana kichwa cha kahawia. Nikageuza la pili, yamo. Nikachimba kwenye ile samadi ya fundi viatu, yamo mpaka chini. Niliyaponda mpaka mikono ikaniuma na bado yalikuwepo. Kisha nikafunua turubai. Pancha, udongo wa vile vyungu umetobolewa mashimo, dole gumba linaingia.

Nauliza, hicho kitalu cha nyuma ya bohari kilikaguliwa? Uliona nini ulipokuwa unapakia?

Na la pili. Mkurugenzi alisema kwa kinywa chake kwamba anakuja? Siyo kwamba ni jambo la kuzinduliwa. Kwamba anakuja.

Nilikimbia kwa Mwalimu Mkuu nikamwambia tuchome leo. Hakunikumbusha ya Machi, na ningependa angenikumbusha. Tulimwaga mafuta ya taa ya kijiji kizima. Rundo lilitoa moshi siku mbili, watu wakakohoa, likazima. Limelowa mpaka moyoni. Bila dizeli ni kazi bure.

Habari ya vyungu sijamwambia mtu. Mabuu ya magogoni wameyaona, wanadhani chonga aliruka mwenyewe baharini.

Nijibu upesi.
Shangazi


Mjini, 3 Oktoba

Shangazi, shikamoo,

Tunaendelea vizuri. Jina lako anacheka sasa, na amepatwa na homa ya chanjo lakini imepita. Mafuta yamefika, Mkwezi ameyaleta, hatujakaangia.

Mkurugenzi mpya ameripoti. Yule wa kwanza alihamishwa zamani kidogo. Huyu mpya ni mchapakazi, amefungua mafaili yote, amekuta ombi la kisiwa chetu na amelipenda mno. Amesema ni mfano kwa visiwa vyote. Anakuja Novemba, hili ni la uhakika, amenirudisha kwenye gari lake na nimemsikia akizungumza na watu wa redio. Dizeli nimeipakia mwenyewe.

Kuhusu hayo mengine uliyoandika, tutaongea tukionana.

Pancha


Nyumbani, 28 Novemba

Pancha,

Bibi yako hajambo, ila hali chakula vizuri. Mashine nawasha siku tatu kwa wiki. Mtoto akitoka meno msimpe vidole vyenu vichafu.

Mgeni rasmi amekuja. Nilisimama chini kabisa ya ngazi ya boti, nikahesabu kila mtu aliyeshuka, nikidhani wewe uko nyuma umebeba begi lake. Mtu wa redio akaniambia dereva amebaki ng'ambo na gari. Nikasema sawa. Nilikuwa nimekupikia.

Mkurugenzi huyu ni mtu mwema, sina neno naye. Alizungumza na watoto, alimsalimia bibi yako kwa kuinama. Bibi yako hakuvaa gauni. Mwalimu Mkuu alisoma risala. Aliisoma yote, kwamba sisi wananchi tumejitolea kwa moyo mmoja kumzuia mdudu asifike, na sauti yake ilikuwa ile ya kusomea majina ya watoto waliofeli. Alijua. Sote tulijua. Wiki mbili kabla yake Mkwezi alishuka kutoka mnazi wa babu yako, ule wa kwanza pale mteremkoni, ameshika kuti changa. Lilikuwa limekatwa pande mbili kama kwa mkasi. Akanipa mkononi. Kisha akapanda wa pili na wa tatu, na alipotaka kupanda wa nne nikamwambia ashuke, inatosha.

Utauliza kwa nini hatukumwambia mgeni. Tulikubaliana tusimwambie mpaka akabidhi mitego, tuliogopa akisikia ataipeleka penginepo. Tazama tulipofika, mwanangu. Tulimdanganya mtu ili atupe dawa ya ugonjwa tuliomwambia hatuna.

Dizeli ikamwagwa, akawasha. Moto ulishika vizuri sana, moto wa kupigwa picha. Na kutoka kwenye lile rundo wakaanza kutoka chonga, wanapanda juu ya magogo, wanaruka wakivuma kama pikipiki za mbali, wanapita juu ya turubai kuelekea minazini. Watoto waliwakimbiza kwa kofia. Mtu wa kamera akauliza ni ndege gani. Mkurugenzi aliwatazama, akanitazama mimi, na nadhani alielewa, kwa sababu alipopewa jembe apande mche wa kumbukumbu alilishika kwa muda mrefu bila kulitumia. Mwisho akapanda. Mche wa vyungu vile. Watu wakapiga makofi.

Boti ilipoondoka nilimweleza Mwalimu Mkuu habari ya vyungu, na ya barua yako, na kwamba sina hakika kama yule wa kwanza aliahidi lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia niende nikapumzike. Kesho yake ukatibu akapewa mtu mwingine. Wanawake niliowakamulia miaka yote sasa wanapeleka nazi kwa mashine ya mkono ya fundi viatu, wengine wakinipita wanasema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako." Siwalaumu.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuchelea. Nililipenda jina lako kutajwa kwenye mikutano, na ulipoandika 'kisiwa chetu' nilivimba kichwa. Nina hasira na wewe, sitakuficha, na nina hasira na mimi zaidi. Swali langu la Agosti bado lipo. Sitaki tena jibu lake, nataka tu ujue kwamba lipo.

Shangazi


Nyumbani, 30 Januari

Mwanangu Pancha,

Barua ya Novemba hukuijibu. Nilikwenda posta kila boti mpaka karani akaanza kunitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Natumai mtoto mzima na mama yake mzima. Bibi yako hatoki kitandani sasa. Haugui kitu, anasema tu hakuna cha kutoka nje kwenda kukitazama.

Mitego tumeitundika. Inakamata, kila asubuhi tunamwaga chonga kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na kila asubuhi ndoo inajaa. Mkwezi hana kazi ya kupanda upande wa gati, huko vichwa vimekwisha. Mteremkoni kwa babu yako imebaki michache, ukiitazama kutoka mlangoni unaweza kudhani haijaguswa. Mashine nimeifunika gunia. Nashona nguo za watu kwa mkono, fundi cherehani amenipa viraka vyake. Ndiyo, yule wa godoro. Siku hizi anasema na mimi. Tumekuwa sawa.

Ninalokuandikia siyo hayo.

Dada yako, binti yangu, unajua aliolewa kile kisiwa kidogo kilicho mbele yetu. Mwezi uliopita nilimpelekea kapu la viazi kwa boti. Vijana wa gati ya kwao walilirudisha kwa sababu nililifunika kwa kuti bichi. Walilirudisha na maneno makali juu yake, kwamba sisi ni kisiwa kilichooza. Pancha, nilifurahi. Nilikaa na lile kapu mlangoni nikafurahi kama mjinga. Nikasema hawa wataweza.

Wiki mbili zilizopita aliniandikia. Wamefanya kazi kuliko sisi. Wamekusanya kila gogo, kila kisiki, kila samadi. Rundo liko gatini. Jua ni kali, kila kitu kimekauka, kiberiti kimoja kinatosha, hata dizeli hawahitaji. Na wanangoja. Walituona kwenye gazeti, moto wetu na mgeni wetu, na wamesema na wao hawachomi kienyeji. Wameshona sare. Ameniomba nikuandikie wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayemwendesha Mkurugenzi, umpenyezee neno njiani.

Nilimjibu siku hiyohiyo. Nilimwandikia achukue kiberiti jikoni kwake aende akachome mwenyewe, asiulize mtu, na wakimfunga nitakuja kumtoa. Nikamweleza yote, na ya vyungu, na yako, na yangu. Jibu limekuja jana. Anasema aliwasomea barua yangu kwenye mkutano na watu waliguna. Walisema huyo mama alipata wake, akapigwa picha naye, sasa anatuonea wivu. Kwenu alikuja, wanauliza, kwetu asije kwa nini?

Ombi lao nimeliweka humu ndani, kama walivyonituma, na sahihi zao zote. Hukuniambia ukweli nilipokuomba, na sikuombi leo. Waandikie kwamba haji, Pancha. Hata kama anakuja, waandikie haji.

Shangazi yako